Baba alizima mashine ya kuchomea ili nyota zisikike

Wakuu, habari za jioni. Hiki kisa sikuhadithiwa na mtu. Nilikuwemo ndani ya nyumba.

Miaka ya themanini tuliishi nje kidogo ya mji wa Malindi. Baba alikuwa fundi wa kuchomea vyuma: mageti, vitanda, nanga za wavuvi. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, na ndiyo iliyotulisha.

Akaja kijana wa chuo kutoka bara, Mutua, akasimamisha dishi kubwa kwenye kiwanja cha jirani. Alikuwa kwenye research ya galaksi ndogo ndogo ambamo nyota bado zinazaliwa. Alitueleza kwamba nyota kubwa za huko hazidumu, na zikilipuka huacha mawimbi ya redio. Hayo ndiyo aliyoyategea. Yanatufikia yakiwa hafifu mno, na cheche za baba, akasema, zinayafunika.

Alikuja na adabu zake. Akatoa shikamoo, akala wali wetu, ndipo akamwomba baba asiiwashe mashine kwa muda.

Baba hakuuliza kama amehakikisha. Kwetu mgeni akikuomba ukiwa naye mkekani, kumhoji ni kumvunjia heshima. Heshima hiyo inanikera mpaka leo.

Wateja walivumilia kidogo, kisha wakahamia kwa fundi wa Kakuyuni. Mama akaanza kukaanga mihogo barabarani, na mimi nikaacha shule kumsaidia. Baba akawa anashinda barazani, analitazama lile dishi.

Ule muda ukawa zaidi ya mwaka. Siku Mutua alipokuja kuaga, baba akamuuliza kama nyota zilisikika.

"Zilisikika, mzee. Kelele iliyozifunika ilikuwa ya friji yetu wenyewe pale kwenye dishi, si ya mashine yako."

"Mliizima lini?"

Mutua akainamia mkeka. "Kabla ya Ramadhani iliyopita. Niliona aibu kukuambia."

Wakuu, wakati huo Ramadhani nyingine ilikuwa inabisha hodi.

Baba akamjibu, "Ungenambia tu, mwanangu." Kisha akaniagiza nimletee mgeni chai.

Kesho yake aliiwasha mashine. Ikanguruma mpaka adhuhuri bila mteja hata mmoja. Miezi michache baadaye aliiuza, na kazi hiyo hakuishika tena hadi anazikwa.

Nilichojifunza: ukijua umekosea, sema siku hiyo hiyo. Aibu yako inaweza kuifunga nyumba ya mwenzio. Na ukiombwa jambo, uliza, hata kama mgeni ameketi kwako.

Sasa niambieni, nyie Mutua mngemfanya nini? Mimi nilimpelekea ile chai, na sukari nilitia.