Shibiri Moja Ukutani

Juzi, katika ofisi ya tiketi huku Sulimaniyah, Riyadh, madam mmoja aliuliza ndege huchukua saa ngapi kutoka Lima hadi Buenos Aires.

"Karibu saa tano," karani akajibu.

Madam akaguna. "Watoto watachoka."

Nyuma yake, yaya wake Mkenya alipima safari hiyo kwa shibiri kwenye ramani ya ukutani. Kisha, bila kukunja vidole, akahamisha kidole gumba hadi Riyadh. Kidole cha mwisho kikatua Nairobi.

"Kumbe ni sawa tu," akasema kwa Kiswahili. Mimi peke yangu kwenye foleni nilimwelewa, akanigeukia. "Wangu wawili wananingoja mwaka wa tano huu. Hao hawachoki?"

"Yalla," madam akamwita waondoke.

Alimfuata mkono ukiwa bado umetanuka, kama mtu aliyebeba kitu asichotaka kimwagike.