Ua la kwanza kwenye kaburi la susu

Leo nimesema asante huku nikitaka kulia.

Kabla susu, nyanya yangu, hajafariki, alinipa kipande cha mmea wake unaotambaa. Nikaupanda kwenye kaburi lake. Kiangazi chote umebaki kijani kwa maji ya kuoshea vyombo.

Asubuhi ukatoa ua la kwanza, hata kabla ya mvua.

Nikaenda sokoni. Kurudi, nikampata shangazi na jembe.

"Kaburi la mama limejaa majani mpaka aibu, na wewe umemaliza shule, uko tu hapa. Nimekusafishia."

"Umeyaweka wapi?"

"Nimepea mbuzi."

Alikuwa anatabasamu, jasho likimtoka.

"Asante, shangazi."

Jirani unayesoma hii, kama susu aliwahi kumgawia mamako kipande cha mmea huo, tafadhali niambie. Hata kimoja tu, chenye mzizi.