Sauti ya Kitinda Mimba

Fundi wa kuchomelea mageti alifika shuleni na ovaroli yake ya kazi, akaketi kando ya binti yake mkubwa. Jukwaani, kitinda mimba wake wa darasa la kwanza alighani shairi bila kubabaika, kifua mbele, kana kwamba ukumbi mzima ni wake. Baba akapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

"Nani kamfundisha?" aliuliza.

"Mimi," alijibu binti. "Jikoni, ukiwa kazini."

Kwa nini akiwa kazini, baba hakuhitaji kuuliza. Huyu mkubwa naye utotoni aliimba kutwa kucha, na kila baba aliporudi amechoka alimwambia afunge bakuli lake. Siku moja mtoto akanyamaza kweli, na baba akadhani amepata adabu.

"Mwanangu, nyumbani utanighania na mimi?" alimwomba kwa sauti ya chini.

Binti alitabasamu kwa upole. "Mimi nikitazamwa tu koo linakauka, baba. Mpigie makofi mdogo wangu, anatuangalia."

Akapiga, lakini macho yake yalibaki kwa yule mkubwa.