Kidosho wa Maretadu

Siku hizi ukimwita msichana "kidosho" atakucheka huku anachezea simu. Neno limezeeka, vijana hawana habari nalo. Lakini mimi nimekulia ndani ya neno hilo, kule Maretadu, na sasa hakuna anayeniita hivyo tena. Hapa Dongobesh ninapofundisha mimi ni "madam" tu: asubuhi madam, jioni madam, hata kwa mama mwenye nyumba. Nina chumba kimoja, kitanda, jiko la gesi, basi. Upweke unauma jamani, tusidanganyane.

Neno lilitoka vitabuni. Bibi yangu mzaa baba, aliyenilea, hakupenda kupukuchua mahindi kimya kimya. Yeye anapukuchua, mimi namsomea riwaya za zamani nilizoazima shuleni. Humo kila binti mzuri ni kidosho: shingo ndefu, macho ya kurembua, mwendo wa madaha, na kazi yake ni kukaa dirishani akisubiri kuposwa. Siku moja bibi akaweka gunzi chini.

"We, huyu kidosho wako halimi?"

"Halimi, bibi."

"Hata kukamua hajui?"

"Hajui."

"Loo, basi huyo atakufa njaa! Kidosho ni wewe."

Tulicheka mpaka kuku wakatawanyika. Tangu hapo akawa ananiita hivyo kutoka juu ya shamba, sauti inafika bondeni, nami naitika, "Abee, bibi!"

Nilipokwenda chuo cha ualimu akampa ndama wake jike jina langu hilo la Kidosho. Nilinuna kweli. Mimi na ng'ombe?

"Sasa ikifika jioni nimwite nani?" akaniuliza.

Miguu ilipoanza kumsumbua bibi, akampeleka yule ng'ombe kwa rafiki yake wa siku nyingi, mama mmoja mfugaji wa kule tambarare ya Hanang, amtunze na anywe maziwa. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya. Ng'ombe anakaa kwa mwenzio lakini anabaki wako. Kisha mwaka huu bibi akafariki. Matanga yalipokwisha, baba mdogo akaniambia, "Yule ng'ombe, bibi yako alisema ni wako. Kamchukue umuuze, ujinunulie hata kochi."

Kochi! Nikae na nani kwenye hilo kochi? Nilichotaka mimi ni kulisikia lile jina likiitwa kwa sauti, hata mara moja tu. Na nilikuwa na hofu kwamba huko alikokwenda walishampa jina jingine.

Nilipanda basi, nikamalizia na bodaboda, nikamkuta yule mama nje ya boma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

Nikajieleza, nikampa na habari ya msiba. Alikaa chini palepale, akajifuta macho kwa shuka lake, na mimi nikalia naye. Baadaye akaniletea chai. Nilishindwa kuinywa mpaka nilipouliza ng'ombe wetu wanamwitaje.

"Ng'ombe wa mtu hatumbadilishii jina," akasema, tena kwa ukali kidogo. "Alivyokuja ndivyo alivyo."

Jua lilipopungua makali kundi likarudi na vumbi lake. Nilikuwa nimeinama, nafunga kamba ya kiatu. Yule mama akasimama mlangoni mwa zizi, akapaza sauti: "Kidoshooo!"

"Abee!"

Lilinitoka kabla sijafikiri. Nilipoinua kichwa, ng'ombe naye alikuwa ameshageuka, anakuja taratibu kwa yule mama. Mama akanitazama mimi, akamtazama ng'ombe, akaniambia nisogee nishike kibuyu cha maziwa.

Sikumchukua. Ningempeleka Dongobesh, halafu nani angetuita?