Mstari Mmoja wa Karani

Karani anayeandika maelezo ya watuhumiwa huipuliza kalamu kabla ya kila mstari. Watu humwambia kwa Kiswahili, naye huandika kwa Kifaransa, kwa ufupi, kwa mwandiko safi wa shule ya mapadri. Leo, nikingoja muhuri kwenye benchi la ofisi yake, nilimwona akimhoji mama mkimbizi wa kambi ya Munigi aliyemuua kwa jembe mtu mwenye bunduki aliyeingia kibandani mwake.

“Papa, andika kwamba alikuwa ananyonga mutoto wangu.”

“Mama, jibu swali. Ulimupiga ao hukumupiga?”

“Nilimupiga. Lakini andika mutoto!”

Akapuliza kalamu, akaandika mstari mmoja. Mimi nasoma Kifaransa: mtuhumiwa amekiri kuua kwa jembe. Mtoto hayumo. Hicho tu ndicho jaji atakachosoma. Nikamwambia wazi kwamba anamfunga mtu aliyejitetea.

“Muzee, maneno mengi yanachokesha jaji,” akajibu, akakishika kidole gumba cha mama yule kwa upole mkubwa, akakikandamiza kwenye wino, kisha karatasini. Alipovuta droo kutafuta kitambaa, niliona panga limelala ndani, limenolewa.

“Na hili la nini?”

“Vita hii, muzee! Wakiingia hapa, nitawangoja waniue?”