Kengele ya Tatu

Juzi nilikuwa nikikanda unga wa chapati, mlio wa kinanda cha kanisa ukatoka kwenye simu ya mwanangu sebuleni. Kile kinanda kizito ambacho hukisikii masikioni tu, unakisikia hadi kwenye mbavu. Mikono yangu ilisimama ndani ya unga. Nilijua itafuata mvua, kisha kwaya, kisha kengele mara tatu. Nilijua pia kinachokuja baada ya kengele, nikapaza sauti, "Zima hiyo!" Mwanangu alikuja mbio akidhani nimeungua.

Wacha nikueleze polepole, maana usipoijua albamu yenyewe hutanielewa.

Baba yangu alikuwa akikodisha spika na jenereta hapo Burumba, mjini Busia, kwa harusi na mikutano, na zaidi ya yote kwa mazishi. CD zake alizipata popote. Albamu hiyo alibadilishana na dereva wa lori aliyekuwa amekwama siku nne kwenye foleni ya mpakani Malaba, baba akampa ya rumba. Jalada lilikuwa na kanisa la mawe lenye minara iliyochongoka, mwezi, na msichana wa nguo nyeupe ameshika mshumaa.

"Hii ni ya kanisa?" baba alimuuliza.

"Mzee, si unaona mnara?" dereva akajibu, akaondoka na rumba yake akicheka.

Baba alisikiliza dakika tatu za kwanza, akatikisa kichwa kwa heshima, akaiweka kando. "Hii ni ya mazishi ya watu wakubwa," alisema.

Mimi, mtoto wa miaka kumi niliyekuwa likizoni, niliisikiliza yote. Tulikatazwa kabisa kugusa CD zake, kwa hiyo nilingoja aende kazini, nikaketi sakafuni na kuweka sauti chini. Haikuwa na nyimbo kama nilizozoea, zenye beti na kiitikio. Ilikuwa hadithi moja ndefu, wimbo mmoja ukimwagikia ndani ya mwingine: vinanda, fidla nyingi kwa pamoja, magitaa ya roki yakinguruma, hatua za mtu kwenye ngazi za mbao. Kiingereza chake kilinishinda, lakini nilielewa kwamba kuna nyumba kubwa, kuna msichana aliyezikwa, na kuna mtu ambaye hajakubali. Katika wimbo wa kwanza, baada ya kengele ya tatu, mtu huyo anapiga nduru. Nduru ndefu, kisha ngoma na magitaa vinamwangukia kama mabati ya paa. Siku ya kwanza nilijificha chini ya meza. Siku ya pili nilirudi kuisikiliza.

Likizo hiyohiyo mume wa mama mdogo alifariki. Alikuwa mwalimu wa kwaya katika kanisa lao huko Bumala, na baba akapeleka mitambo yake bila kuitwa mara mbili. Kwetu mwanamke akifiwa huzunguka boma lote, mikono kichwani, akipiga nduru na kumwita marehemu kwa jina, na wenzake humfuata. Lakini mchungaji wao alikuwa ametangaza: "Hapa hatupigi nduru. Ndugu yetu ameenda nyumbani." Siku tatu mama mdogo hakuwa amelia. Alikaa kando ya jeneza akimtabasamia kila aliyemsalimia, na tabasamu lile lilinitisha kuliko ile CD.

Wakati wa watu kumuaga marehemu ulipofika, mchungaji alimgeukia baba. "Boss, tuwekee kitu kitulivu."

Baba alinikonyeza, akatoa CD yenye mnara.

Nilikuwa na nafasi. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, akiipangusa kwa shati. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi: Baba, si hiyo. Lakini angeniuliza nimejuaje. Nikaifikiria fimbo, naye akavuka kwenda upande wa pili kwenye mitambo. Kinanda kikaanza.

"Wazungu wanajua kuzika," mama mmoja alinong'ona.

Mvua ikaja. Kwaya ikaja. Niliinuka, nyanya akanidaka gauni.

"Wewe! Mtoto hapiti mbele ya jeneza."

"Lakini nyanya, hiyo CD..."

"Keti, nimesema!"

Nilimpungia baba mkono, mikono yote miwili. Aliniona. Akanipungia pia, akafumba macho kwa raha.

Kengele ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Viti vilianguka. Mchungaji alikuwa anakemea "Shindwa! Shindwa!" ndani ya kipaza sauti. Mzee mmoja nyuma yangu aliuliza, "Na huyo mzungu amefiwa na nani?" Baba alibonyeza kila kilichobonyezeka, sauti ikazidi kupanda. Ndipo mama mdogo akasimama, akaweka mikono kichwani, akaijibu ile nduru. Baba alipochomoa waya wa jenereta magitaa yalinyamaza, lakini mama mdogo hakunyamaza. Wanawake wakaanza kumfuata mmoja mmoja, na boma lote likalia hadi jeneza likaingia kaburini.

Hakuna kanisa lililomwita baba tena. Aliishia kutangaza dawa za panya sokoni. Jioni ile ya mazishi, tukiwa tumekaa juu ya spika nyuma ya pikapu, aliniuliza, "Ulikuwa unanipungia nini?"

"Nilikuwa nakusalimia tu," nikasema. Akanishika bega.

Miaka mingi niliamini kwamba kama ningesema yale maneno mafupi, ningemwokoa baba. Ni kweli. Angeweka CD nyingine, angeendelea kuitwa makanisani, na mama mdogo angeingia nyumbani mwake na lile tabasamu, kilio kikiwa bado ndani. Mmoja wao alikuwa lazima apoteze kitu siku ile. Nimelipima jambo hili mara nyingi, na mpaka leo sijui ningemchagua nani.