Dakika Kumi na Tano za Severina

Severina Luambano alipanda miti ya serikali kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo serikali haikuwahi kumuuliza swali. Alikuwa mhudumu wa kitalu cha miche chini ya milima ya Matogoro. Alijaza udongo kwenye viriba, akamwagilia, akang'oa magugu, kisha akarudi kwake Mshangano kwa miguu. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, mwembamba, na alitembea kama mtu aliyesikia kwamba sukari imefika dukani. Mwendo huo aliupata miaka ile sukari ilipokuwa ikifika mara moja moja kweli, na waliochelewa wakarudi na mifuko mitupu. Sasa ilikuwa mwaka 1993, maduka ya Songea yamejaa sukari, sabuni na mitumba ya kila nchi, lakini miguu ya Severina haikuwa imepata taarifa.

Mwaka huo ofisi ya misitu ikakumbuka kwamba ina maporomoko ya maji. Yalikuwa juu kabisa, ndani ya msitu wa hifadhi, na hakuna aliyeyajali isipokuwa Severina, aliyekwenda huko kuchota udongo mweusi wa miche. Neno la wakati ule lilikuwa utalii. Kila mwenye kitu cha kutazamwa aliambiwa akiandae kitazamwe. Akaletwa afisa, Bwana Hironimus, mwenye umri wa miaka thelathini na tano na viatu vyeupe, atengeneze matembezi mafupi na mahali pa kusimama wageni watazame. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na ujanja wa kukwepa shikamoo: alimfikia mtu mzima akiwa tayari katikati ya sentensi.

Siku moja alimfikia Severina hivyo, akataka kujua kutoka lango la msitu hadi kwenye maji ni dakika ngapi. Severina alisema hajui, yeye huenda akarudi. Hironimus akavua saa yake, akamfunga mkononi, akamwambia aitazame akianza na akifika. Yeye mwenyewe alibaki kivulini, kwa sababu ya viatu.

Asichokijua ni kwamba Severina alikuwa ameacha maharage motoni nyuma ya kibanda cha majembe. Hakusema, maana hakuulizwa. Alipanda mlima, akagusa jiwe la mwisho, akasoma saa, akashuka. Maharage aliyakuta salama, na jibu lilikuwa dakika kumi na tano.

Athanasi, mwandika mabango wa mjini, akaliandika kwa rangi nyekundu: MAPOROMOKO YA MAJI. MATEMBEZI MAFUPI. DAKIKA 15. Bango likasimikwa langoni.

Wa kwanza kuliamini walikuwa akina mama wa kwaya, wakiongozana na Padri Optatus, mtu mwenye tumbo la heshima. Walipanga kuyaona maji, kusali kidogo na kuwahi mkutano wa saa tano. Saa tano iliwakuta kwenye mwinuko wa pili, padri ameketi juu ya mzizi, viatu mkononi, akitamka maneno yasiyomo katika kitabu chochote cha sala. Mama Ekaristia, mwenyekiti wa kwaya, alisimulia baadaye kwamba walimwacha hapo wakaendelea, na maji waliyaona, ila hawakubakiwa na pumzi ya kuyasifia. Walitumia dakika themanini kufika.

Wiki iliyofuata walimu wawili waligeuka njiani wakidhani wamepotea. Maneno yakaenea mjini, pamoja na jina la aliyeipima njia. Fundi cherehani akimwambia mteja suruali itakuwa tayari kesho, mteja aliuliza ni kesho ya kawaida au ya Severina.

Kisha ikaja barua kwamba mkaguzi kutoka makao makuu angefika Alhamisi, na pamoja na mambo mengine angepima ukweli wa mabango. Hironimus alikwenda kitaluni akiwa ameishika kama mtu aliyeshika kaa la moto. Alimwambia Severina kwamba amemdanganya na sasa atamponza.

Severina hakuacha kujaza kiriba. "Uliniuliza mimi natumia dakika ngapi," alisema. "Hukumuuliza padri."

Kufuta namba na kuandika nyingine kusingewezekana: Athanasi alikuwa ameitwa Tunduru kuandika duka zima, na stoo ya ofisi haikuwa na rangi hata ya kupaka kidole. Mwishowe Hironimus alichuchumaa pembeni ya viriba, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nisaidie."

"Marahaba. Niachie saa yako."

Jumatano asubuhi Severina aling'oa bango, akajitwika juu ya kata ya kanga, akashika jembe na kuingia msituni. Mawazo yake yalikuwa mepesi. Kama namba haiwezi kubadilika, bango linaweza kuhama. Alichohitaji ni mahali ambapo mtu mnene, kama wakaguzi wengi, akianzia, atafika kwenye maji kwa dakika kumi na tano.

Alichagua mahali, akapanda kutoka hapo kwa mwendo wa Padri Optatus. Alitoa tumbo ambalo hakuwa nalo, akasimama kila baada ya hatua kumi kushika kiuno, akahema kwa bidii. Ikawa dakika ishirini na tano. Kabla ya kujaribu tena aliketi kwenye jiwe apumzike, maana kutembea polepole kulimchosha kuliko kukimbia.

Miaka kumi na tisa alikuwa amechota udongo kando ya maji yale akiwa ameyapa mgongo. Aliyajua kama kitu kinacholowesha mzigo na kuufanya mzito. Sasa aliyageukia. Maji yalikuwa yanaanguka. Hakuona yangefanya nini kingine. Lakini yalianguka vizuri, na ukungu wake ulimpoza uso. Alipotazama saa, dakika arobaini zilikuwa zimepita naye hajafanya kitu. Aliinuka haraka kama mtu aliyefumaniwa. Safari ya pili, kutoka mahali pa juu kidogo, ilitoa kumi na tano kamili, akachimba shimo, akalisimika bango.

Mkaguzi aliitwa Bwana Daimu, naye alikuwa mzito kama ilivyotarajiwa. Walipanda watatu pamoja na Severina, Hironimus akiwa anapanda kwa mara ya kwanza. Kwa saa nzima hakuna aliyelalamika, kwa kuwa hakuna aliyeahidiwa kitu. Walipolifikia bango Daimu alitazama saa yake. Dakika kumi na tano baadaye alikuwa amesimama mbele ya maji, akifuta miwani.

"Nimekagua mikoa saba," alisema. "Hili ndilo bango la kwanza lisilonidanganya."

Aliuliza kwa nini limewekwa mbali vile na lango. Hironimus alitazama viatu vyake, ambavyo sasa vilikuwa vya rangi ya msitu. Severina alijibu kwamba watu wakijua tangu chini hawatapanda. Daimu alicheka mpaka akakohoa, akaliandika na hilo, akaagiza pia pawekwe benchi.

Barua ya pongezi ilikuja na jina la Hironimus. Aliipeleka kitaluni akamsomea Severina, na kila alipofika kwenye jina lake alisoma la mama huyo. Severina alijua kusoma, na barua ilikuwa mbele ya macho yake, lakini alimwacha amalize. Mwaka uliofuata wafanyakazi walipunguzwa, na cheo cha Hironimus kikawa cha kwanza kufutwa. Alifungua mashine ya kusaga Mjimwema, na inasemekana alifanikiwa. Severina alibakizwa, kwa kuwa miche haikunywa nyaraka.

Benchi lilitengenezwa na Makarius seremala, la ubao wa msindano. Halikukaa mwezi kabla vijana wa mjini hawajaligundua. Walikuja wawili wawili siku za Jumapili, wakatazama kila kitu isipokuwa maji. Severina, akipita na debe lake la udongo, huwaambia wasogee kidogo, anavua kandambili, anaketi.